Kashikwa Mikono Yote Miwili

Benchi la nje ya duka la kinyozi hukaliwa na watu wanne, na asubuhi ile lilijaa wivu kuliko kahawa. Tangu daktari wa Kichina afungue chumba chake ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vioo, wazee wa benchi waliacha kabisa habari za mpira. Kila aliyepanda ngazi zile alishuka na ugonjwa wake, akautetea kama shamba la urithi. Aliyeumia zaidi ni Msumari, seremala mstaafu. Yeye alishikwa mshipa wa mkono mmoja tu, akaambiwa yu mzima, aende zake. Rafiki yake Kanali, mlinzi wa zamani wa lango la ghala, juzi alipeleka kikohozi chake cha wiki nzima, akashikwa mikono yote miwili. Halafu kimya! Watu hao ni umri mmoja, wamekua pamoja, na Kanali hakuwahi kumficha Msumari jambo, hata la chumbani. Leo kakaa kwenye ncha ya benchi, kaegemea ukuta, macho nusu wazi, katulia kama bwana harusi. Msumari aliona maringo matupu, na roho ikamuuma.

— Mikono yote miwili! — alisema Msumari. — Mimi mmoja. Kwani huu mwingine nimeazima?

— Wewe si mzima? — alisema Wembe, kinyozi mwenyewe, akimimina kahawa. — Shukuru Mungu.

— Mzima nani? Nimeanza kukohoa we hujajua kushika mkasi!

— Mie kaniambia nitoe ulimi, — alisema Wembe. Kautazama weee! Kasema upepo umeingia mapafuni. Si unajua ulimi hauna mfupa? Ndo maana anaanzia hapo.

— Upepo tu? — Spika, fundi redio, alicheka kwa sauti iliyompa jina. — Mimi nina unyevu, bwana. Unyevu! Damu nzito kuliko maji, lakini yangu imezidiwa.

— Kajuaje?

— Vidole vitatu hapa kwenye mshipa. Ni stesheni hizo. Cha kwanza anapata moyo, cha pili ini, cha tatu anamsikia mkeo anavyokusema nyumbani.

— Eh, kweli! — Wembe aliweka birika chini. — Kaniuliza nalalia ubavu gani. Nikajua huyu keshasikia ugomvi wetu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndo maana kanivua na koti.

— Basi Kanali kaambiwa ataishi miaka mia, — alisema Msumari. — Ndo maana katuchunia.

— Mia? — alisema Wembe. — Huyu kapewa mapafu mapya. Juzi kikohozi chake kilikuwa kinatikisa benchi, leo unakisikia?

— Na kahawa hagusi, — aliongeza Spika. — Nadhani kakatazwa kunywa na makabwela.

— Makabwela sisi? — Msumari aligeuka mzimamzima. — Kanali! Nakuuliza mimi, rafiki yako. Kakwambia nini yule daktari?

Kanali alitabasamu, akaangalia barabara.

— Mmeona? Mmeona dharau? Nimebeba jeneza la mama yake, leo ananichekea puani!

Kusema kweli, Msumari hakuhusudu ugonjwa. Alitaka kuwa wa kwanza kuambiwa, kama siku zote, na kukosa hilo kulimchoma kiasi cha kutamani kulia.

Mtu mmoja aliyekuwa akimngoja mkewe atoke kwa daktari alivuka barabara, akaomba kahawa. Wembe alimsogezea nafasi. Mtu yule hakukaa. Alikuwa akimtazama Kanali, kifua kinavyopanda na kushuka harakaharaka chini ya shati.

— Samahani, wazee wangu. Huyu bwana leo amesema nini?

— Amesema... — Spika alianza, akakwama.

Wembe alimtazama Msumari. Tangu wafike walikuwa wamesema wao tu.

— Mbona hana homa, — alisema Wembe, kiganja kwenye paji la uso la Kanali. — Na kikohozi kimekwisha.

— Baba yangu naye hakuwa na homa, — alisema mgeni. — Alitulia hivi hivi, sisi tukasema anapumzika. Kumbe mapafu yamejaa maji.

Spika alikuwa keshakimbilia barabarani kusimamisha teksi. Msumari alipiga magoti mbele ya rafiki yake. Wivu wote ulikuwa umemtoka, ikabaki hofu, na hofu hiyo ilikuwa na aibu ndani yake.

— Kanali. Ndugu yangu, ni mimi.

Kanali alimtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mzee wa watu asiyemjua. Midomo yake ilikuwa imepauka.

— Shikamoo, — akasema.

Hakuna aliyecheka.

— Marahaba, — Msumari aliitikia, machozi yakimtoka, akamshika kwapani na kumwinua.