Mishono Kumi na Minne ya Mama Mwasiti

Amahoro, wasikilizaji wapendwa. Ninyi wa Kabezi na Gatete, na ninyi wa ng'ambo ya ziwa mnaotupata kwa kushikilia antena, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Mwasiti, fundi cherehani wa Rumonge. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na minne. Mama Mwasiti, fundi cherehani. Wengi wenu mmevaa kazi yake. Mimi mwenyewe nilivaa kaptula aliyoishona, kutoka darasa la pili mpaka la tano. Kitambaa kilikwisha, mishono ikabaki.

Mishono yake ndiyo habari yetu leo.

Alifundishwa na baba yake, mshonaji wa kanzu. Mzee yule alikuwa na sharti moja tu. Mshono ukikosewa, unafumua, hukati. Unachukua sindano, unatoa uzi kidogo kidogo, na kitambaa kinabaki kizima. Aliyekimbilia wembe alipigwa kofi mkononi. Mwasiti alipigwa mara moja, akaelewa maisha yake yote.

Akaolewa na Mustafa. Mustafa alikuwa anatunza mashua ya mzungu mmoja mwenye shamba la michikichi. Mashua ndogo nyeupe, ya kutembelea Jumapili. Tanga lake halikuwa kama la mitumbwi yetu. Ndani yake mlikuwa na fito tatu, nyembamba, bapa, kila ufito katika mfuko wake wa kitambaa. Wazungu waliziita lati. Fito ndizo zilizolinyoosha tanga likashika upepo. Ufito ukikosekana, tanga linapigapiga tu, mashua haiendi. Nalisema tena, maana tutalihitaji: bila ufito, mashua haiendi.

Mwaka wa sitini na mbili mzungu akafunga mizigo, mashua akamwachia Mustafa. Siku ya uhuru, tarehe moja Julai, Mustafa akavaa shati jeupe akaingia ziwani ajionyeshe. Rumonge nzima iko ufukweni. Mbele ya macho yote, ufito wa katikati ukachomoka mfukoni, ukaruka, ukapotea majini. Tanga likalegea. Mustafa akarudi kwa kupiga kasia, anatoka jasho, na watu wanamwita, "Mustafa! Muzungu ameenda na upepo yake!"

Walicheka wiki nzima. Mwasiti hakucheka. Midomo ya ile mifuko ilikuwa inafungwa kwa kamba, ili ufito utoke ukihitajika. Yeye akachonga ufito mpya na mume wake, akautia, kisha akashona midomo yote mitatu. Uzi wa nyavu uliopakwa nta. Mara mbili, kwenda na kurudi. Akasema, "Sasa itoke, tuione."

Haikutoka. Miaka kumi, wasikilizaji wapendwa, haikutoka.

Jirani yao alikuwa mwalimu, Hyacinthe. Ndiye aliyemfundisha Mwasiti kuandika jina lake, kwa chaki ya kupimia nguo, juu ya meza ya cherehani. Mke wa mwalimu aliitwa Vestine. Nyumba mbili, ua mmoja, chumvi moja.

Tukafika mwaka wa sabini na mbili. Mwisho wa Aprili Rumonge ilishambuliwa, watu wakauawa. Siku ile Mustafa alisikia risasi, akalikunja tanga haraka haraka, akalikunja vibaya, akalikanyaga. Hakulifungua tena. Kisha wengine wakaanza kuchukuliwa na watu wa serikali, waliosoma kwanza. Lori lilikuja na karatasi ya majina. Waliopandishwa hawakurudi. Mnaojua, mnajua. Msiojua, waulizeni wakubwa wenu, lakini waulizeni kwa upole.

Katikati ya Mei, asubuhi, Hyacinthe alikuja na Vestine. Vestine alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwalimu alisema maneno machache.

"Mama Mwasiti, wenzangu wawili walichukuliwa jana. Mutuvushe."

Mustafa akafungua tanga uani. Ufito wa katikati ulikuwa umevunjika vipande viwili, na ncha yake imetoboa kitambaa. Upepo wa kwanza tu ungelipasua tanga lote. Ilibidi ufito utoke, mwingine uingie. Na mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa. Mnakumbuka ni nani aliyeushona.

Vestine akafichwa jikoni. Hyacinthe akakaa nyuma ya tanga lililotundikwa. Mustafa akapasua mwanzi, akaanza kuuparuza kwa kigae cha chupa, unene kidogo nyuma, wembamba mbele, maana ncha nyembamba ndiyo inayotangulia mfukoni. Na Mama Mwasiti akachukua sindano.

Akafumua.

Wembe ulikuwa kwenye droo ya cherehani, hatua tatu. Alifumua. Nta ilikuwa imekauka, uzi umekuwa mgumu kama waya. Mustafa alimaliza ufito. Mwasiti alikuwa hajafika nusu.

"Mwasiti, kata," alisema Mustafa.

"Ngoja, iko karibu."

Hyacinthe naye akasema kutoka nyuma ya tanga, kwa ile adabu yake, "Polepole tu, Mama. Musiharibu tanga sababu yangu."

Basi akaendelea polepole. Mimi nikifika hapa kila mara nataka kupiga kelele redioni. Kata, Mama! Lakini naongea na mwaka wa sabini na mbili, na mwaka ule hausikii.

Lori likasimama nje. Watu watatu wakaingia uani na karatasi. "Mwalimu Hyacinthe iko wapi?" Mustafa akasema hajui. Wakamshika kola, wakamwambia basi utaenda wewe. Hapo mwalimu akatoka nyuma ya tanga, akajifuta magoti.

"Ni mimi. Muache huyu mutu."

Alimtazama Mama Mwasiti. Sindano bado iko mkononi mwake. Akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mumalize kazi." Alimaanisha mke wake, aliyekuwa jikoni. Wakamchukua. Hakurudi. Mwalimu Hyacinthe hakurudi.

Lori lilipoondoka, Mama Mwasiti alifungua droo, akatoa wembe, akaukata mdomo mzima wa mfuko. Haikumaliza dakika moja. Vipande vya ufito vikatoka, mwanzi ukaingia, mfuko ukafungwa kwa kamba. Walivuka na Vestine mchana huohuo, upepo mzuri, tanga limejaa. Mama Mwasiti alikuwa anasema hicho ndicho kilichomuumiza kupita vyote, kwamba mashua ilienda vizuri.

Julai, ng'ambo, Vestine alijifungua mtoto wa kike, Généreuse. Niliongea naye Ijumaa, siku moja baada ya maziko.

"Kila mwezi wa tano alinitumia robe aliyoshona mwenyewe," alisema. "Na kila nikija Rumonge ananishika mikono. 'Mwanangu, unisamehe, ningekata.' Namuambia, Mama, si wewe ulimuchukua papa. Anaitika ndiyo. Kesho anaanza tena. Miaka hamsini. Sikujua nimufanyie nini."

Wakipanga vitu vya marehemu, walifungua droo ya cherehani. Ndani walikuta ufito uliovunjika, vipande viwili, na kile kipande cha mdomo wa mfuko. Nusu ina matundu matupu, pale alipofumua. Nusu bado ina uzi, na pembeni yake mkato wa wembe. Généreuse alihesabu mishono iliyobaki. Kumi na minne.

Wembe wa siku hizi ulikuwa palepale mezani. Généreuse akavuta kiti cha Mama Mwasiti, akachukua sindano, akaanza kufumua. Nilikuwepo. Nikamwambia, dada, kata tu, ni kitambaa kibovu. Akatikisa kichwa. Alifumua yote kumi na minne, na jua likahama kutoka mlangoni mpaka ukutani.

Halafu akaniambia, "Mukono unakataa. Wembe niliiona, na mukono ukakataa. Sasa ndiyo nimemuelewa. Nataka kumuambia, Mama, hata mimi sikukata. Na tumemuzika jana."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mzee Mustafa, aliyebaki peke yake na ua ule, poleni sana. Kwa Généreuse, na kwa watu wa Rumonge waliovaa mishono ya Mama Mwasiti, poleni. Mungu amrehemu. Na wewe unayesikiliza, labda nyumbani kwako kuna mzee anayekuomba msamaha kila mara kwa jambo ambalo wewe ulishamwambia si kitu. Usimjibu hivyo tena leo. Zima redio yangu, ukae karibu naye, umwombe akuonyeshe mshono wenyewe.