Kapteni Ndiye Aliyeita

Wapendwa mliotoka Nakivale, Kabingo, Oruchinga na Mbarara, poleni na safari, poleni na msiba. Anayewasomea ni Élyse, mdogo wa marehemu. Mnajua desturi yetu: mtu akishalala ndani ya sanduku anageuka malaika. Orpa alilikataa hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Basi msikilize mpaka mwisho, hata kama mtatuonea haya.

Orpa Nyirabizimana alizaliwa tarehe 12 Machi 1989 huko Bijombo, milima ya Uvira, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa mzee Ladislas na mama Mukamazimpaka, wafugaji na watu wa kanisa. Vita vilipowafikia, familia ilikimbilia Burundi, na mwaka 2005 ikapokelewa Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Ng'ombe wote walibaki nyuma.

Shule ya msingi aliianza kwa Kifaransa akaimalizia Nakivale kwa Kiingereza, akiwa mrefu kuliko mwalimu wake. Sekondari alisoma Mbarara, pale Kakoba, na huko ndiko alikokutana na kriketi. Likizo ya kwanza aling'oa ubao wa kitanda cha baba apate gongo la mazoezi. Mzee alipojitupa kulala, alifika chini na godoro lake. "Huyu mutoto atatuua na ile muchezo yake ya Bazungu!" alifoka, halafu akacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Alikuwa fundi cherehani Base Camp, palepale Nakivale. Mwaka 2015 alikusanya wanawake Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, akaunda timu ya kriketi, wakamchagua kapteni. Mwanzoni hata salamu zilikuwa za shida. Orpa alipika maharage, akaweka sahani moja katikati ya uwanja, akasema asiyekula hapa hachezi. Alimpa kila mmoja mwenzake wa taifa lingine, wachotiane maji, waulizane hali. "Hapa hakuna Murundi, hakuna Mukongomani," alikuwa akisema, "kuko timu tu." Na walimwamini.

Tarehe 9 Januari 2016 alifunga ndoa na Régis Muhirwa, mchuuzi wa maziwa. Shemeji Régis hakukosa mechi hata moja, na hakuelewa mchezo hata siku moja. Alipiga makofi mke wake alipotolewa, akidhani amemaliza kazi vizuri. Mungu aliwajalia Gradi na Teta.

Sasa tufike kwenye lile ambalo familia ilitaka kuliruka.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 2018 timu ilicheza Mbarara na wanawake waliotoka Kenya. Ilikuwa mechi yao ya kwanza ya kimataifa. Zilibaki mbio mbili, yaani alama mbili, washinde, na wapigaji wa mwisho walikuwa Orpa na Irakiza, dada wa Kirundi. Katika kriketi wapigaji wawili hukimbia wakipishana, na mmoja akiita, mwenzake hutoka bila kuuliza. Orpa alipiga mpira, akaita, "Kuya!" yaani njoo. Irakiza akatoka mbio. Orpa akaona mpira umeshaokotwa karibu, akaogopa, akarudi kwenye mstari wake. Irakiza aliachwa katikati peke yake, vijiti vyake vikaangushwa kwa mpira kabla hajarudi, akatolewa, na mechi ikaisha tumeshindwa.

Watu walipowazunguka kuuliza, Orpa alijibu, "Mimi sikumwita. Amekimbia mwenyewe."

Irakiza alimtazama tu. Kapteni hapingwi mbele ya wageni. Orpa ndiye aliyewafundisha hivyo. Ndani ya gari la kurudi wachezaji wengine wakaanza kusema: Murundi hasikii. Soko lote likayachukua maneno hayo. Irakiza alihamia kambi ya Oruchinga kukimbia vidole vya watu, Warundi wenzake wakaacha mazoezi, Wasomali wakafuata, na kufikia Krismasi hapakuwa na timu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Orpa ilikuwa ndefu. Alizunguka nyuma ya maduka ili asipite uwanjani, na wakati wa toba kanisani alishindwa kuinua uso. Tulidhani ni uchungu wa kushindwa. Kumbe ni aibu.

Mwaka 2024 alipatikana na saratani ya titi, akatibiwa Mbarara. Agosti mwaka huu alimwita Irakiza, naye akaja. Orpa akalia, akaomba msamaha.

"Kapiteni," Irakiza alimjibu, "jina langu ulilivunja mbele ya bantu bote. Sasa unanitubia mu chumba, fasi hakuna mutu?"

Akasimama, chai hakuinywa, akaondoka. Orpa alisema, "Ana haki." Akatuita sote.

"Siku ya kunizika bantu batajaa. Muisome hii habari pale. Musinisafishe."

"Na sisi tutaonekana namna gani?" baba aliuliza.

"Irakiza ameonekana namna gani miaka hii yote, baba?"

Mzee aliinama. Kisha akaniambia niandike.

Orpa alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025 asubuhi, Mbarara, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Régis. Ameacha wazazi, mume, watoto wawili, mdogo wake, na wachezaji wenzake wa mataifa manne.

Basi tunasema mbele yenu nyote, na kwa haya kubwa: Irakiza hakukosea. Aliitwa, akatii. Aliyeita ni Orpa wetu, na aliyedanganya ni Orpa wetu. Karatasi hii inachapwa bila sisi kujua kama Irakiza atakuja. Tumemtumia ujumbe, hajajibu, na hatumlaumu. Wewe uliyewahi kusema Murundi hasikii, ukimkuta Oruchinga au sokoni, usimpite. Msalimie kwa jina lake.

Bwana ampokee dada yetu jinsi alivyo, naye apumzike kwa amani.