Ngozi ya Bethuel Onsongo Ilipaswa Kubaki Nzima

Bethuel Nyandusi Onsongo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Ichuni, Kisii, mtoto wa tatu wa Mzee Onsongo na Mama Bosibori. Alisoma shule ya msingi ya kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Hesabu aliipenda. Kiingereza, alisema mwenyewe, walikutana tu njiani wakasalimiana.

Alimwoa Zilpah tarehe 12 Desemba 1998. Mwaka 2004 wakahamia Birmingham, na kwa miaka kumi na saba aliendesha basi la Stratford Road. Akina mama wa Sparkhill wenye mifuko mizito walimpenda, kwani hakuondoa basi mpaka wakae. Abiria wake mmoja, Mzee Kulwant, alimtania kila asubuhi: "Wewe utachelewa hata mazishi yako."

Mei 2023 uvimbe ulitokea kwenye paja la kushoto. Ilikuwa saratani. Dawa za kwanza zilishindwa, na mwaka uliofuata akakubaliwa kwenye jaribio la matibabu mapya. Muuguzi wake, Sunita, aliwaeleza yeye na Zilpah polepole. Dawa hufungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta, ikazunguka na damu bila kumwagika. Kisha mashine hulipasha paja joto, kama la homa kali tu, vitone vikayeyuka, na dawa ikatoka palepale penye uvimbe.

"Lakini ngozi iwe nzima," Sunita alisema. "Ikiwa na jeraha, hatuanzi."

Zilpah alililinda paja lile kuliko macho yake. Alikagua mishono ya suruali. Maji ya kuoga aliyapima kwa kiwiko.

Zikiwa zimebaki siku tisa matibabu yaanze, watu wa ushirika wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa. Kemunto, binamu ya Bethuel, aliposikia habari ya joto alipiga makofi.

"Kumbe! Wazungu wamesoma miaka yote hiyo ndiyo wajue kukanda? Mke wetu, chemsha maji."

"Hospitali wamekataza," Zilpah alisema.

"Wamekataza! Na wewe umekuwa Mzungu siku hizi? Mgonjwa wetu tusimguse?"

Bethuel hakujua kumkatalia mgeni. "Waache, Mama Tevin," alimwambia mkewe. "Wametoka mbali, Coventry."

Zilpah akachemsha maji.

Taulo lilichovywa kwenye maji yale, likakandamizwa pajani. Uvimbe ulikuwa umelitia paja ganzi, hivyo Bethuel hakusikia kitu. Taulo lilipoinuliwa, ngozi ilikuja nalo. Hata hapo hawakukoma: mmoja alipaka marhamu ya kafuri juu ya nyama mbichi, wengine wakaendelea kuimba, na picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp: "Mgonjwa wetu anaendelea vizuri." Zilpah alitapika kwenye sinki. Mpaka leo harufu ya kafuri humchafua roho.

Jeraha lilitunga usaha, likachukua wiki sita kupona. Nafasi alipewa mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa ameahidi kwamba dawa ile ingemponya. Lakini alinyimwa hata kujaribu, na waliomnyima ni watu wake, mkewe akiwemo.

Saratani ilifika mapafuni. Bethuel alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Edgbaston, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Zilpah.

Wiki iliyopita picha ileile ililetwa ichapwe humu katika kijitabu cha mazishi, pamoja na ombi la kusimama hapa na kueleza "jinsi tulivyomhudumia." Zilpah ameikataa picha na ombi. Picha inamchukiza, na sufuria yake mwenyewe, aliyochemshia maji yale, inamchukiza zaidi. Anaomba jambo moja: kati yenu wapo wenye wagonjwa nyumbani. Mkienda kuwaona, ulizeni kwanza. Mkiambiwa msiguse, wekeni mikono mapajani mkae.

Ameacha mkewe, Zilpah. Watoto wake, Tevin na Angeline. Mama yake, Mama Bosibori, aliye Ichuni. Dada zake wawili. Na binamu yake, Kemunto.

Mungu amempokea. Sasa mwacheni apumzike.