Jina la Mtoto na Swichi ya AC

Kijiwe cha kahawa cha Raudha, pale stendi ya Katesh, leo kimechangamka kuliko mnada. Gregory, dereva wa Noah ya abiria, ametoka Haydom asubuhi hii, alikomwacha mkewe Severina amejifungua salama. Furaha imemjaa mpaka kashata anagawa kwa mikono miwili. Ametangaza kwamba mtoto atapewa jina la mtu ambaye msaada wake uliwafikisha hospitali.

— Ukungu ulikuwa mzito, — Gregory alisema. — Tumejaa ndani, madirisha tumefunga, kioo kimejaa mvuke, sioni kitu. Nikawasha AC, ile iliyogoma wiki iliyopita, kioo kikakauka, barabara hiyo! Asanteni sana jamani.

— Basi anaitwa Bonaventura, — alisema Bonaventura, wanayemwita Injinia. — Si mimi niliyegundua swichi ya presha imekata?

— Ukasema nyaya zake ziungwe direct! — alidakia Wolfgang, maarufu kama Mjerumani. — Mimi niliiombea hiyo gari. Gesi iliongezeka kwa maombi.

— Gesi gani? — Injinia alimkatiza. — Ile ni hewa ya Mlima Hanang tu. Nilimwambia apaki gari pua ikitazama mlima, ikajiingiza yenyewe!

Gregory alicheka mpaka machozi. Ila macho yake yalikuwa kwa Muksini, fundi umeme wa magari, aliyekaa pembeni akipuliza kikombe chake. Wiki iliyopita kijiwe kizima kilimkomalia aunge zile nyaya, yaishe, kama inavyofanyika huku kila swichi ikigoma. Muksini akakataa katakata.

— Ile swichi inazima kompresa gesi ya AC ikipungua, — Muksini alisema. — Ukiiruka, kompresa inazunguka kavu mpaka inakwama, mkanda unakatika, mnabaki porini na mama mwenye uchungu. Nikaziba panapovuja, nikajaza gesi, nikafunga swichi mpya. Basi.



— Haya, aitwe Muksini, — Injinia alikubali shingo upande. — Ila jina la pili Bonaventura.

Mwalimu Hilaria akafika kununua kahawa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwalimu. Gregory kapata mtoto!

— Jamani, hongereni! Wa kike au wa kiume?

Injinia akamtazama Mjerumani. Mjerumani akachungulia kikombe chake. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Wa kike, — Gregory alisema. Akamgeukia Muksini. — Kaka, mama yako anaitwa nani?

— Zulfa.

Gregory akamshika mkono, hakuuachia.

— Mpigie simu. Mwambie amepata wajina.