Kitanda cha Ndani ya Kompyuta

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, upande unaopata kivuli kuanzia saa tisa. Linachukua watu wanne wakikaa kwa adabu, watano wakipendana. Kinyozi mwenyewe hukaa kwenye kizingiti chake ili asikose mteja wala maneno, na kahawa huipika mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji. Jumamosi hiyo nilimkuta Msasa, seremala, amesimama. Mtu asiyekaa kwenye benchi letu huwa ana neno. Timazi, mwashi, alikuwa amekaa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Kando yake alikuwa Injinia, kompyuta yake mapajani. Anachora ramani za nyumba katika ofisi iliyo mtaa wa pili. Si injinia, lakini hajawahi kukataa jina hilo. Mimi wananiita Msomi, na kazi yangu pale ni kunywa na kusikiliza.

— Msomi, umefika wakati mzuri, alisema Msasa. Huyu ananiambia nipunguze kitanda cha mgonjwa.

— Sikusema hivyo, alisema Injinia.

— Ulisemaje?

— Nilisema kitanda kiendane na chumba.

Kitanda chenyewe ni cha mke wa Mwalimu. Amepooza upande wa kulia tangu mwaka jana, na tangu hapo hajashuka kutoka ghorofa ya tatu wanakopanga. Mwalimu, ambaye amestaafu, anamjengea nyumba ndogo isiyo na ngazi. Injinia ndiye aliyeichora, Timazi anaijenga. Kuta zimefika usawa wa linta, juu ya milango na madirisha, na Jumatatu zege lingemwagwa juu yake. Msasa alikwenda kupima chumba cha mama kabla hajakata mbao. Kitanda alichoagizwa kina urefu wa mita mbili na upana wa moja na nusu. Ukitoa nafasi ya kabati la ukutani, kila upande wa kitanda panabaki sentimita thelathini.

— Thelathini, alisema Msasa. Hapo hata paka anapita kwa kuomba radhi.

— Kwenye programu kinaenea vizuri kabisa, alisema Injinia. Huenda lipu imekula chumba.

— Lipu bado sijapiga, alisema Timazi.

— Basi tofali umelaza vibaya.

Timazi aliweka kikombe chini taratibu.

— Rudia.

— Nasema huenda.

— Ramani yako imeandika mita mbili na sabini. Nenda kapime. Ukikuta imepungua hata unene wa kucha, nakuachia mwiko wangu ujengee wewe.

— Basi ni tepu ya Msasa. Tepu ikikaa juani inabadilika.

— Tepu yangu ni ya chuma, kaka. Kinachobadilika juani hapa ni maneno yako.

Kinyozi alikuwa amevumilia muda mrefu kwa kipimo chake.

— Mnagombana bure, alisema. Kosa ni la programu. Hizo zinatengenezwa nchi za baridi. Kule watu wanalala wamejikunja, kitanda hakihitaji kuwa kirefu.

— Wewe umefika lini huko? aliuliza Timazi.

— Si lazima nifike. Mimi naona matokeo. Watu wanaokulia kwenye nyumba hizi za kompyuta hawarefuki. Nyumba inawaambia hapa ndipo mwisho. Vichwa ninavyonyoa siku hizi viko chini kuliko vya zamani.

— Umeinua kiti, alisema Shemeji kutoka ndani.

Tulicheka, isipokuwa Msasa. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta.

— Fungua chumba cha mama.

Injinia alifungua. Ilikuwa picha nzuri, sikatai. Mwanga uliingia dirishani kwa mshazari, pazia lilikuwa jepesi, na kitanda kilikaa katikati kama kisiwa, kikiwa na nafasi pande zote. Hiyo ndiyo picha aliyoonyeshwa Mwalimu, akatia sahihi.

— Huyu mama anayetabasamu dirishani ni nani?

— Anakuja na programu. Wapo wengi, unachagua. Yupo wa gauni, yupo wa suruali.

— Ana urefu gani?

— Mita moja na sabini hivi.

— Mlaze kitandani.

— Hawalali. Wanasimama, au wanakaa kwenye sofa.

— Katika nyumba zote unazochora, hakuna anayelala?

— Haina hiyo, Msasa. Si kosa langu.

— Basi bonyeza kitanda. Najua inaandika vipimo.

Injinia alitazama barabarani, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Akabonyeza, na pembeni zikatokea namba mbili. Niliwasomea, kwa kuwa Timazi hakuwa na miwani: urefu sentimita mia moja na hamsini, upana mia moja na kumi.

— Kitanda hicho ni cha nani? aliuliza Timazi.

— Nilivuta kona kidogo, alisema Injinia.

— Ulivuta nini?

— Kona. Unaishika kwa kipanya, unaivuta, kinapungua. Chumba kilikuwa kinaonekana kimebanwa. Mteja akiona kimebanwa anahamia ofisi nyingine. Bosi anasema picha ndiyo inayotuletea watu. Na si sisi peke yetu, kila ofisi inavuta. Sofa tunavuta, meza tunavuta. Friji, ndugu zangu, friji ndiyo usiseme.

— Mimi nikivuta kona ya mbao inapasuka, alisema Msasa. Mkono wangu unanishtaki palepale. Wewe unavuta kitanda cha mtu mgonjwa, halafu unakwenda kula chakula cha mchana.

— Mwalimu hakuniambia habari za vitanda. Aliniambia chumba cha mama kiwe karibu na choo. Si kipo karibu na choo?

— Alikwambia mkewe hainuki?

— Aliniambia.

— Sasa mtu asiyeinuka anafikaje chooni?

Injinia alisema tu kwamba sentimita thelathini si haba, mtu anaweza kupita ubavuubavu.

— Anahitaji tisini upande mmoja na sitini upande wa pili, nilisema. Mmoja anavuta shuka, mwingine anampokea. Ikipungua hapo, mgongo wako unagonga ukuta kabla yeye hajageuka, na inabidi uanze upya. Yeye anajua kwamba umeanza upya.

— Hiyo iko kwenye kitabu gani, Msomi?

— Haiko kwenye kitabu.

Injinia hajamaliza mwaka pale benchini; hakukuta miaka niliyokuwa nikiuguza nyumbani kwangu. Wengine walitazama vikombe vyao, na Shemeji alitoka akanijazia changu bila kuulizwa.

Kinyozi ndiye aliyetuokoa.

— Wahenga walisema—

— Waache wahenga wapumzike, alisema Timazi.

— Basi nasema mwenyewe. Sebule ni kubwa kama uwanja. Ukuta wa katikati usogezwe.

— Na nani?

— Na wewe, mwashi.

— Mimi sibomoi ukuta nilioujenga kwa ramani iliyogongwa muhuri. Umenyooka ule. Nimeupima kila kozi ya tofali. Ukitakiwa kubomolewa, aje aubomoe huyu kwa kipanya chake. Ashike kona, avute.

— Toa kabati, alisema Injinia upesi. Ukitoa kabati unapata sitini zaidi.

— Sitini na sitini, nilisema. Bado.

— Msomi, na wewe umekaza sana.

— Hajakaza, alisema Msasa. Amepima.

Hapo ndipo Mwalimu alipotokea kwenye kona, shati limepigwa pasi, anakuja kumuuliza Timazi kama saruji ya Jumatatu inatosha. Tulimsalimia wote kwa pamoja, sauti zikiwa juu mno. Shemeji alimpa kikombe. Akaiona picha kwenye kompyuta, akatabasamu.

— Chumba cha mama yenu hicho.

— Ndicho, Mwalimu, alisema Injinia.

Msasa alimtazama Injinia mpaka akashika kipanya. Akaandika vipimo vya kitanda halisi, kimojakimoja, na kitanda kikafura mbele ya macho yetu mpaka kikajaza chumba. Mama wa dirishani akabaki amezama kwenye godoro mpaka magotini, akitabasamu vilevile.

Mwalimu alisogea karibu. Alikitazama kile chumba, kisha akanyoosha kidole bila kugusa kioo.

— Asubuhi namgeuza kwanza upande huu, halafu ule, alisema. Sasa hapa, mwanangu, nisimame wapi?

Injinia alikisogeza kitanda kushoto, kikagusa kabati. Akakisogeza kulia, kikagusa ukuta. Akakirudisha katikati, akaondoa mkono. Mwalimu alisubiri kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kuuliza darasa zima na kumpa kila mmoja muda wa kufikiri. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa wa mwisho.

Timazi alisimama, akajikung'uta vumbi, akaenda kando kidogo na simu yake.

— Jumatatu msilete mashine ya zege, tulimsikia akisema. Hapana, saruji ipo. Leteni nyundo.