Watu Juu, Vitambaa Chini

Jambo la mwisho la kawaida mchana ule lilikuwa Pasi, mnyoosha nguo, kushuka ngazi na magauni begani, akipiga mluzi, akiunyoosha mguu zaidi alipofika kwenye kidato kirefu bila hata kukitazama. Kila aliyefanya kazi katika karakana ile ya ushonaji alikijua kidato hicho kwa mguu, si kwa macho. Seremala wa zamani alikosea kipimo, na watu wakaizoea kasoro yake kama wanavyozoea kigugumizi cha ndugu. Nyuma ya Pasi alikuja Mkasi, mkata nguo. Mbao ikalia, ikapasuka, na mguu wa Mkasi ukazama hadi gotini. Hakuvunjika. Walipokwisha kumtoa, wanaume waliishia kwenye benchi la nje, penye birika la kahawa, wametulia kama watu walioamshwa katikati ya ndoto. Mwishoni mwa benchi aliketi Mwalimu. Alikuwa amefundisha uchoraji wa majengo chuoni hadi alipostaafu. Karakana ilikuwa ya mkewe, ambaye mafundi wote walimwita Mama, na tangu azikwe, mvua zilipoanza, ikawa yake. Seremala wa kujenga ngazi mpya alisubiri neno lake tu, na yeye alikuwa akilichelewesha, kwa sababu asiyoweza kumwambia mtu: alasiri akisinzia ofisini, alisikia ngazi ile ikimpandisha mkewe.

— Mkasi, goti vipi? aliuliza Bobini, fundi wa vyerehani.

— Goti lipo. Heshima ndiyo imebaki kule kwenye tundu.

— Ungepunguza kula, mbao ingekuvumilia.

— Na wewe ungepunguza kuinywesha mafuta. Kila kinacholia, Bobini huyo na kopo lake. Umeilainisha ngazi mpaka imeoza!

Pasi alicheka, akamimina kahawa, akampa Mwalimu kikombe cha kwanza.

— Tatizo la ngazi ni moja, alisema. Watu wanapanda na kushuka njia ileile. Mimi nina pasi ya moto, huyu ana mkasi, tunakutana katikati. Ziwe mbili. Moja ya kwenda, moja ya kurudi.

— Na aliyesahau kitu katikati ya njia? aliuliza Mkasi.

— Aendelee mpaka juu, azunguke. Ndiyo adhabu ya kusahau.

— Ngazi ya nini, jamani? alidakia Bobini. Kiti na kamba. Chini ya kiti unafunga kanyagio kama la cherehani. Unakanyaga, unapanda. Ukitaka kushuka, unakanyaga kinyumenyume.

— Kamba ikikatika? aliuliza Pasi.

— Utakuwa umeshuka pia.

Mkasi alisugua goti, macho juu ya paa.

— Mimi naona ghorofa ndilo lishuke. Miaka yote tunalifuata sisi, silo linalotufuata. Asubuhi literemke polepole kama pazia, tuingie, lipande nasi. Jioni litupitishe majumbani, mmoja mmoja, kila mtu ashukie dirishani kwake, mkewe anyooshe mkono ampokee.

Hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa limelala barabarani na hata pikipiki zilipita kama zimefungwa pamba.

— Mvuke, Pasi alinong'ona. Mvuke wa pasi zangu wote unapotea bure. Uwekeni kwenye shuka moja kubwa, mkae juu yake. Hamtasikia hata mtikisiko.

Mwalimu aliiona shuka hiyo. Aliiona imejaa, nyeupe, inapanda ukutani bila sauti, na juu yake mkewe ameketi, miguu inaning'inia, pini midomoni, anasema jambo kupitia zile pini kama kawaida yake. Hakulisikia.

— Mwalimu, aliita Mkasi. Sisi tunaropoka tu. Wewe umesoma. Sema.

Mwalimu aliweka kikombe chini.

— Vidato vyote viwe na kimo kimoja. Upana wa kila kimoja utoshe wayo mzima. Reli ya kushikia pande zote mbili, ianze kabla ya kidato cha kwanza, ipite cha mwisho. Ukingo wa kila kidato usiteleze, uwe na rangi yake, uonekane hata na mwenye macho hafifu. Taa juu na chini. Na ngazi inapong'olewa, juu asiwepo mtu hata mmoja.

— Vyote kimo kimoja? aliuliza Pasi.

— Vyote.

— Basi tutaanguka sote! Mguu wangu utainuka wenyewe pale, ukute hewa.

— Si mguu tu, alisema Bobini. Mama je? Kila mgeni akipanda, Mama alikuwa anaita kutoka juu: inua mguu, mwanangu, inua! Ndivyo alivyokuwa akikaribisha watu.

— Kiache kile kimoja, Mwalimu, alisema Mkasi, yeye aliyekuwa bado anavuja damu kutokana na ngazi hiyo. Kiwe kirefu vilevile. Kwa ajili yake.

Na Mwalimu, aliyewahi kuwafelisha wanafunzi kwa kosa dogo kuliko hilo, akajikuta anaitikia kwa kichwa. Ingegharimu nini? Kidato kimoja tu, na sauti ya mkewe ingebaki na mahali pa kukaa.

— Shikamooni.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele yao, magongo mawili makwapani, mkoba mgongoni.

— Marahaba, binti, aliitikia Mwalimu. Karibu, keti.

— Asante, nikikaa kuinuka ni kazi. Hapa ndipo karakana? Mama aliniahidi kazi ya kushona, akasema nije mvua zikiisha. Nimepata habari zake njiani. Poleni sana.

— Tumeshapoa, alijibu Mwalimu.

— Wanashonea wapi?

Wote walionyesha juu. Aliutazama mlango, na ndani yake ile ngazi yenye tundu.

— Na huku chini kuna nini?

— Vitambaa, alisema Bobini. Majora ya vitambaa.

— Kwa nini vitambaa vikae chini na watu wakae juu?

Bobini alimgeukia Mkasi.

— Mwanga, alijaribu Mkasi. Chini hakuna madirisha.

— Yapo, alisema Pasi polepole. Tumeyaziba kwa majora.

Wakamgeukia Mwalimu. Akatafuta jibu kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na kufundisha, akafika mwisho wa kutafuta. Pengine mkewe angejua. Pengine naye hakuwahi kuulizwa.

— Sijui, alisema.

— Basi nirudi nyumbani?

— Hapana. Njoo kesho.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alifika peke yake. Alivua koti, akalikumbatia jora la kwanza, akaliburuta mpaka ukuta wa upande wa pili, kisha la pili, mpaka dirisha likatokea, na mwanga ukaingia na vumbi lake. Seremala alipochungulia mlangoni, Mwalimu alimwambia bila kusimamisha kazi:

— Ng'oa yote. Mpya iwe na kimo kimoja, chini mpaka juu.

Akafagia. Akaweka meza chini ya dirisha, akaweka kiti, akarudi nyuma kutazama, halafu akakisogeza kiti kidogo kutoka ukutani, magongo yapate pa kuegemea.