Bi Asya Haidar Ngwali na Nguzo Zisizo na Chuma

Dada yangu, Bi Asya, alizaliwa Kengeja tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa pili wa Mzee Haidar Ngwali na Bi Khairiya Silima. Ubishi alizaliwa nao.

Alisoma skuli ya msingi hapa hapa kijijini, sekondari Chake Chake, na mwaka 2003 alihitimu uhandisi wa ujenzi Dar es Salaam. Waliosema kazi hiyo si ya mtoto wa kike wamo hapa leo. Tunawashukuru kwa kuja.

Mwaka 2006 aliolewa na Mwalimu Soud Rashid wa Gando. Mwalimu alihitaji subira, na alikuwa nayo.

Kazi yake ilikuwa madaraja. Daraja letu la mkondoni lilikuwa limeoza: maji ya chumvi yamezila nondo za chuma, kutu imevimba na kupasua zege la nguzo. Bi Asya akaamua nguzo mpya zitiwe nondo za nyuzi za kioo, zisizoshika kutu. Watu wakaziita plastiki. Basi akatumbukiza kipande cha chuma na kipande cha nondo yake katika pipa la baba la kutilia papa chumvi.

"Asya! Wanitilia machuma kwenye samaki wangu?" baba alifoka.

Chuma kilitoka chekundu, papa hakulika. Ile ya nyuzi ilitoka kama ilivyoingia. Baba alinuna, kisha akawa wa kwanza kumuunga mkono.

Mwaka 2019 mafundi walijaribu kuzipinda nondo hizo kwa mikono, kama walivyozoea chuma. Zikakatika.

"Bi Asya, dude lako lavunjika hili!" alisema fundi mkuu, Usama.

"Halipindwi hapa. Hupindwa kiwandani, likitengenezwa. Nitasubiri."

Akashurutishwa arudie chuma, akakataa katakata. Aliagiza zilizokwisha kupindwa, na masika yote, daraja la zamani limeshabomolewa, tukavuka kwenye tope la mikoko, wagonjwa tukiwabeba mabegani. Alitukanwa mbele ya mama yetu. Daraja lilifunguliwa Novemba 2020, na nguzo hazina ufa.

Aliugua figo tangu 2023, akafariki Chake Chake, Jumanne, 11 Februari 2025. Ameacha mama, mume, binti zake Suhaila na Ummi, na mimi mdogo wake, Jabir.

Ni ada yetu kumwombea marehemu radhi kabla ya kumzika. Kwa ulimi wake mkali na kwa kila salamu aliyowanyima watu, msameheni. Ama kuhusu masika ile, aliniusia akiwa kitandani: "Hiyo usiniombee radhi, Jabir."

Siombi. Mola ampe mapumziko ya amani.